Bwana Shamba na Panya Asiye na Mkia

Jumatano, katikati ya Juni. Upepo umevuma tangu alfajiri na baridi imekaa Sumbawanga nzima. Nimeambiwa kwamba yule bwana shamba mstaafu wa Kizwite, aliyekuwa akiwapiga picha panya waliokufa, amefariki. Sijui kama mimi ndiye wa kumwandika, maana shule yangu ni fupi na tulijuana kwa salamu zaidi. Lakini niliwahi kumcheka hapa hapa kwenye safu hii, na baadhi yenu mlicheka nami.

Kazi yake ilikuwa hivi. Ukiua panya unampelekea, anamlaza juu ya gunia jeupe kando ya rula, anampiga picha mgongo, tumbo, unyayo wa nyuma na mkia, kisha anazituma kwa wataalamu wamtambue. Alisema kila aina ina tabia zake, na usipomjua panya utamkinga mahali asipopita. Shida ni kwamba zamani watu walitakiwa kupeleka mikia ofisi ya kijiji kuonyesha wameua, na mazoea hayo yamebaki: panya akifa tu, kisu kinaanza na mkia, na bila mkia ni vigumu kumtambua. Mjane mmoja wa Kasense alimletea panya wa namna hiyo. Bwana shamba akapiga picha, na kabla hajajibiwa akamwambia huyu ni wa shambani, hapandi juu, mbegu za mahindi atundike juu ya meko. Kumbe alikuwa panya wa darini. Mvua zilipoanza, mama aliteremsha magunzi matupu.

Hayo niliyaandika. Sikuandika kwamba wiki iliyofuata alikwenda Kasense kwa baiskeli, na gunia la mbegu kwenye keria, nami nilikuwepo.

"Karibu, bwana picha," mama alimwambia mbele ya majirani. "Umekuja kuwapiga picha walioshiba?"

"Nimekuja kusema nilikosea, mama. Mkia haukuwepo, ningesema sijui. Watu walikuwa wamesimama, nikaona aibu."

Mama akafungua gunia, akachota. "Na hizi nazo unazijua, au tusubiri wakujibu?"

"Hizi nazijua. Nimezitoa kwangu."

Haki isemwe: mama alichelewa kupanda na mavuno yake yalikuwa haba, na kosa lilikuwa la bwana shamba. Ila baada ya siku ile, ukimletea panya asiye na mkia alikuwa akikwambia hamjui, hata mkiwa kumi mlangoni. Mimi niliiacha nusu hiyo kwa sababu kicheko kilikuwa kimependwa, na nikawa naahirisha kuirekebisha mpaka leo ambapo hawezi kuisoma. Nilichojifunza ni kwamba anayerudi kukiri kosa anastahili kuandikwa haraka kama alivyoandikwa alipokosea.

Jioni tumekula ugali wa ulezi na samaki aina ya migebuka. Nilimweleza mke wangu habari hii. Akasema nimpelekee yule mama wa Kasense gazeti hili, nimsomee mimi mwenyewe.