Soda Niliyomnunulia Mfinyanzi

Jumanne, Aprili. Mvua imenyesha tangu alfajiri, barabara ya kwenda ziwani ni tope tupu. Sokoni Kyela nimeambiwa kwamba mama aliyekuwa akituletea vyungu kutoka ufukweni amefariki, na jana wamemzika. Nimeandika haya nikafuta mara mbili. Sijasoma sana, nilikuwa mteja wake tu, na sijui kama nina haki ya kumlilia mbele ya wasomaji. Lakini nina langu la kusema.

Alikuwa na kisukari na mafuta mengi kwenye damu. Hedhi ilipokoma akaanza kuwaka: joto linapanda kifuani mpaka usoni, jasho linamtiririka, moyo unadunda. Wenzake wakasema ni moto wa kuchomea vyungu umemwingia mwilini. Akaacha kufinyanga na kuchoma msimu mzima, akawa anauza vya wenzake, na joto halikumwacha. Siku moja msimu huohuo lilimshika mbele yangu. "Dada, naungua," alisema, akijipepea kwa mfuniko wa chungu. Mimi mjuaji, niliyewahi kuona mgonjwa wa sukari akitetemeka na kulowa jasho, nikamwambia, "Sukari imeshuka hiyo, kunywa soda." Nikamnunulia. Akacheka, akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga, dada. Kumbe dawa yenyewe tamu hivi!" Tangu hapo kila alipowaka alikunywa soda. Kliniki walipompima, sukari ilikuwa imepanda vibaya, nesi akamgombeza mbele ya foleni kwamba ni mlafi. Hakunitaja.

Daktari ndiye wa kwanza kumuuliza habari za hedhi. Akamweleza kwamba joto lile ni la kukoma hedhi na tiba ya homoni ipo, ila kwa mwenye sukari na mafuta kama yeye lazima kwanza wapime presha na moyo. Huenda ya kubandika kwenye ngozi ikamfaa kuliko vidonge. Aende Mbeya wakaamue. Nilimuuliza anakwenda lini. "Mzee wangu anasema nataka kuwa msichana tena. Wewe unaonaje, dada?" Nikajibu, "Ni uzee tu huo, vumilia." Hakwenda.

Nisimwonee mtu. Wanasema moyo ulisimama. Kwa nini, sijui. Daktari hakuahidi kwamba homoni zingetibu sukari wala kuulinda moyo, na labda baada ya vipimo wangemkatalia. Mumewe hakumfungia mlango. Nesi ana foleni ndefu. Lakini mwanamume wa kwetu akikohoa wiki moja tunamtafutia gari, na huyu aliwaka miaka mitatu, hana usingizi, kila mtu akamgawia jibu lake. La kwangu aliliamini kuliko yote. Mwanamke akisema anaungua, mtu kama mimi afunge mdomo na amsindikize kwa anayepima.

Jioni tumekula wali na usipa, dagaa wa ziwani, niliopika kwenye chungu nilichonunua kwake siku ile ya soda. Alikifinyanga mwenzake.