Wawili Wenye Nundu

Nasema wazi: wale ng'ombe wenye nundu wa misioni ya Kamina niliwachagua mimi. Nisisikie mtu akisema ni Padri! Padri alishika kofia tu.

Wakati ule mume wangu alifanya kazi ya reli, nami nilikamua maziwa kwa masista. Dada yangu alikuwa amekufa akijifungua, akaniachia katoto kake ka kike. Kalikuwa na miezi mitatu, na uhai wake ulikuwa maziwa ya misioni. Lakini kila joto la Oktoba, kabla ya mvua, ng'ombe wakubwa wa Ulaya walikauka, wengine wakafa. Mwaka huo alibaki mmoja, naye alikuwa akihema kutwa. Niliogopa sana.

Ndipo treni ikaleta ng'ombe kumi na ndama zao kutoka kusini. Misioni ingechukua wawili. Padri akawanyooshea kidole wale wakubwa, wenye manyoya mengi na viwele vizito.

"Hapana, mupe," nikasema, maana Padri tulimwita hivyo. Mume wangu akanikanyaga mguu.

"Weye unajua nini ya ngombe?" Padri akacheka. "Kwenu banafuga mbuzi."

Kweli, kwetu ni mbuzi. Lakini mama yangu hakuchagua mbuzi asubuhi hata siku moja. Asubuhi, alisema, kila mbuzi ni mzima. Mchague saa sita, jua likiwa utosini: anayekula ni wako, anayehema mwachie mwenyewe.

"Mupe, bashushe kwanza. Tungoje saa sita."

"Na kama unakosa?" akauliza sista mkuu.

"Natoka ku kazi!"

Hasira ilinitangulia, jamani. Kazi ikienda, na maziwa yanaenda.

Wakawafungulia uwanjani, karibu na tangi la maji. Saa nne wakubwa walikula vizuri, wanapendeza macho. Wawili wadogo wekundu, wenye nundu, walisimama tu wakitazama watu. Vijana wa reli wakanicheka: "Mama mbuzi, ngombe zako ziko kwenye mufungo?"

Saa sita ikafika. Wakubwa wakajibana kwenye kivuli cha tangi, ulimi nje, mate yanadondoka. Wale wawili wakainamisha vichwa juani, wakala. Kula kweli, hata majani makavu! Nikapiga vigelegele, stesheni nzima ikageuka.

Padri akampapasa mkubwa, kisha mdogo mwenye nundu.

"Ile kubwa imevaa blanketi," akasema polepole.

"Ndiyo ile nasema, mupe!"

Akavua kofia. Wale vijana wa reli sikuwaona tena.

Wale wenye nundu hawakutoa maziwa mengi, sitawadanganya, lakini walitoa kila siku, Oktoba nzima. Kikombe cha kwanza sista mkuu alitaka Padri akionje. Nikakataa mbele ya wote. Nikachemsha, nikapoza, nikampa mwenye nayo, katoto ka dada yangu. Kakanywa chote, kakabeua, kisha kakalia kwa hasira kakitaka kingine.

Hasira yangu tupu. Nikachukua ndoo, nikarudi kukamua.