Kurasa Zisizo na Namba

Katika maktaba ile alikuwapo mtu mmoja aliyeshika vitabu vingi kuliko wasomaji wote, na hakuwa amesoma hata kumi. Kazi yake ilikuwa kujalidi. Kitabu kikichanika, kikilegea mgongo au kikianza kumwaga kurasa, kiliteremshwa chumba cha chini, na huko kilimkuta yeye ameinama juu ya meza, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Wenzake walimwita Gundi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye daftari la mahudhurio tu.

"Nikianza kuvisoma, nitavishona saa ngapi?" alijibu kila alipoulizwa, na jibu hilo lazima lilimfurahisha sana, maana alilirudia kwa miaka thelathini bila kulibadilisha.

Kwa Gundi kitabu kilikuwa mgongo, uzi na namba. Alikiondolea jalada bovu, akazitenganisha kurasa, akazipanga kwa namba, akazishona, akazipaka gundi, kisha akakiweka kwenye kibano cha mbao hadi kesho yake. Namba zikifuatana, kazi imekwisha. Yaliyoandikwa juu ya namba yalikuwa shauri la watu wengine.

Nyumbani aliishi peke yake. Mkewe alikuwa amefariki zamani, na binti yake wa pekee alikuwa ameondoka, mwaka wa sita huo. Kisa hicho Gundi alikuwa amekipanga vizuri kama anavyopanga kurasa: binti aliacha chuo cha uuguzi akaenda kusuka watu nywele, baba akamsema, binti akaja juu, akachukua begi lake, akaondoka bila kuaga. "Aliondoka mwenyewe," alisema. "Mimi sikumfukuza. Akitaka kurudi, njia anaijua." Aliyasema hayo kwa upole, na watu walimhurumia. Jambo moja hakulitia katika kisa chake, wala hakulificha. Aliliona dogo tu. Kesho yake asubuhi alimwita fundi akambadilishia kitasa cha mlango. Mtaani kulikuwa na wezi. Ndivyo alivyomwambia fundi, na kwa kuwa fundi hakuuliza zaidi, yeye naye hakujiuliza.

Basi siku moja akashuka mkutubi wa ghorofa ya juu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye maneno mengi na kicheko cha karibu. Huyu alikuwa na wazimu wake: rafu moja karibu na dirisha, ameijaza vitabu vya hadithi za michoro. Si vile vya mashujaa wanaoruka angani na kuvunjana taya. Vyake vilikuwa vya watu wasiojulikana, waliochora mezani kwao na kuchapisha nakala chache. Wakuu wa maktaba waliivumilia rafu ile kwa sababu haikula nafasi kubwa. Siku hiyo alikuwa amekumbatia bahasha iliyovimba.

"Shikamoo baba. Nimekuletea mgonjwa."

Gundi akachungulia ndani ya bahasha. Kurasa zilikuwa zimeachana zote, jalada halipo. "Marahaba. Huyu si mgonjwa, mwanangu. Huyu ni maiti."

"Mfufue hivyo hivyo. Alikuwa chini kabisa ya boksi la vitabu tulivyopewa."

"Namba ziko wapi?"

"Hana namba."

"Haya, nitafuata maneno."

"Na maneno hana."

Gundi akavua miwani. "Sasa hiki ni kitabu au albamu ya harusi?"

"Ni riwaya, baba. Ya michoro. Inasomwa kwa macho."

"Kwani zile nyingine zinasomwa kwa magoti?"

Mkutubi akacheka hadi akashika meza, lakini hakuondoka na bahasha yake. Alisema mwenyewe hajawahi kukisoma, wala hajui nakala nyingine iko wapi. "Kisome tu," akasema. "Ukikielewa, utajua ukurasa gani unafuata gani."

Ikawa hana pa kukimbilia. Akazitandaza kurasa sitini na mbili mezani, nyingine akaziweka sakafuni, akasimama katikati yake, mikono kiunoni. Katuni ni mambo ya watoto, alijiambia. Kabla ya chai ya saa nne nitakuwa nimemaliza. Kazi ilimchukua siku nne.

Kilikuwa kisa cha mama mmoja mzee na mwanawe wa kiume, nyumba yenye mlango mmoja, na chungu cha maua nje ya mlango huo. Ufunguo wa nyumba ulikaa chini ya chungu. Ukurasa mmoja ulimwonyesha mama akiuweka hapo. Mwingine ulimwonyesha akiutoa na kuutia mfukoni. Palikuwa na mtoto anayeshika njia na begi, mgongo tu unaonekana. Palikuwa na mtoto huyohuyo ameinama, anapapasa chini ya chungu na kuambulia patupu. Na palikuwa na kurasa nyingi sana za mama dirishani. Zilizomchosha zaidi ni kurasa nne za kikombe cha chai. Kikombe kilekile, meza ileile, visanduku sita kila ukurasa, hakuna kinachotokea. Alikuwa karibu kuzichomeka popote alipoona kwamba mvuke unapungua kutoka kisanduku hadi kisanduku. Chai ilikuwa inapoa. Mama alikuwa anangoja.

Hakuna aliyemwambia hilo, alilipata mwenyewe. Gundi, ambaye hajawahi kucheka peke yake mle chumbani, alicheka. Kuanzia hapo kurasa zilimtii. Mama mwema anamwekea mwanawe ufunguo chini ya chungu. Mtoto anachukua begi anaondoka. Mama anangoja dirishani mpaka chai inapoa. Mwisho anachoka, anautoa ufunguo. Ndipo mtoto anarudi, anainama, anapapasa, hakuna kitu. Amechelewa. Gundi aliutazama ukurasa huo wa mwisho na machozi yakamlengalenga, nusu kwa uchungu na nusu kwa kuridhika, kwa sababu mtoto amepata alichokitafuta. Akakishona kwa uzi mzuri kuliko wote aliokuwa nao, akakipa jalada la kitambaa cha kijani, akakibana.

Kisha akafanya jambo ambalo halijapata kuonekana katika maktaba ile. Alipanda ngazi saa ya chakula na kuomba kingine.

Mkutubi akampa kitabu cha mfagiaji anayesafisha ngazi za jengo moja, kurasa mia, na kila ukurasa ni ngazi moja tu. Akampa cha kaka wawili wenye kituo cha mafuta barabara isiyopitiwa na gari. Akampa cha karani ambaye meza yake inaongezeka urefu kila akikaa, hadi mwisho mtu anayezungumza naye anaonekana mdogo kama siafu. Si vyote alivyovipenda. Kile cha kaka wawili alikirudisha katikati, akasema wale watu ni wavivu na mchoraji ni mvivu zaidi. Lakini alikuwa amenasa. Alikula mkono mmoja ukifunua kurasa, na baada ya wiki chache alianza kuwasumbua wenzake.

"Usiyakimbilie maneno," alimwambia mlinzi wa mlangoni, ambaye hakuwa amemuuliza. "Angalia mikono ya watu. Angalia kilichoachwa nje ya kisanduku." Mlinzi aliitikia kila kitu, akaendelea kupekua mifuko ya wasomaji. Watu wapya katika jambo lolote ndivyo walivyo. Mwezi mmoja tu wameingia, wanataka kuwafundisha wenyeji.

Miezi miwili ikapita. Siku hiyo mkutubi alishuka na kile kitabu cha jalada la kijani, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Baba, kazi yako ni nzuri mno, usinielewe vibaya," akasema. "Uliyatazama majani?"

"Majani gani?"

Akafungua ukurasa wa kwanza. Mama anaweka ufunguo chini ya chungu. Kwenye chungu kulikuwa na kijiti kikavu, hakina hata jani. Akafunua karibu na mwisho, mama anautoa ufunguo. Mmea ulikuwa na majani saba. Mtoto aliyeinama, majani sita. Mtoto mwenye begi, matano. Dirishani, yanapungua moja moja.

"Mmea unapukutika," akasema mkutubi. "Kitabu kinaanzia hapa kwenye saba."

Gundi alisogeza miwani. Alijaribu kubisha, maana hakuwa mtu wa kukosea mpangilio. Majani huota tena, akasema. Labda ulinyeshewa. Mkutubi hakubishana; alimhesabia tu, ukurasa kwa ukurasa, kwa ncha ya kidole. Gundi alikuwa ametazama mikono, nyuso, mvuke wa chai, na yale majani yalikuwapo mbele ya macho yake siku zote nne.

"Kwa hiyo si mtoto aliyeanza," mkutubi akaendelea, hana habari anamwambia nani. "Mama ndiye aliyeutoa ufunguo kwanza. Mtoto akaja akaukosa, ndipo akashika njia. Huku mwishoni mama anaurudisha, ila hakuna tena wa kuuchukua."

Gundi akarudi kwenye ukurasa wa majani saba. "Labda aliogopa wezi," akasema.

Mkutubi akatazama kurasa kwa makini, kwa sababu alimheshimu. "Wezi hawamo, baba. Nimewatafuta."

Alipobaki peke yake Gundi alichukua wembe akaanza kukifumua kitabu. Ule uzi mzuri sasa ulimkomoa. Kila fundo alikuwa amelikaza kwa mapenzi, na kila fundo liligoma. Mchana wote uliishia hapo. Alizipanga kurasa upya, safari hii kwa majani, na alipofika pa mtoto aliyeinama, ambaye sasa alikuwa karibu na mwanzo, mkono wake ukasita. Mara ya kwanza aliusoma ukurasa ule kama adhabu. Sasa alimwona mtoto aliyetoka kidogo na kurudi kwao, anapapasa mahali ambapo ufunguo umekaa tangu azaliwe. Aliona aibu, aibu kweli, peke yake katikati ya karatasi, na hakukuwa na mtu wa kumfanyia mzaha ikapungua.

Namba ya simu ya binti Gundi alipewa na dada yake mwenyewe miaka mitatu nyuma. Aliiandika nyuma ya kalenda ya mle chumbani na hakuwahi kuipiga. Alitoka na simu yake, akasimama kwenye ngazi za nyuma, ambako wafagiaji huanika matambara yao.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Mimi."

Nyuma ya sauti ile kulikuwa na wanawake wanaongea kwa pamoja na mashine ya kukaushia nywele inayovuma. "Baba?" Kisha, kama aliyekumbuka adabu, "Shikamoo."

"Marahaba. Uko kazini?"

"Namsuka mtu."

"Sitakuchelewesha." Alikuwa amejiandalia maneno mengi tangu mchana, na yote yakayeyuka. Likabaki moja. "Ile siku uliyoondoka," akasema. "Kesho yake nilibadilisha kitasa."

Mashine ikazimwa. Mwanamke mmoja alicheka, akanyamazishwa na mwenzake.

"Najua, baba," binti akasema. "Nilirudi Jumapili yake. Ufunguo uliingia, ila haukuzunguka."