Kabureta Kwenye Ulezi

Kila ninapofungua gunia la ulezi, pua yangu hutafuta petroli kwanza.

Baba alikuwa na gari la Kijapani la milango minne. Kwa nje lilikuwa gari la kupeleka watoto kanisani, lakini chini ya boneti alikuwa amefunga kabureta mbili kubwa za kuinywesha injini petroli, na mlima wa kutoka Ilemba alikuwa akiupanda kama tambarare.

Siku moja bwana mkubwa wa wilaya alikuja kulichukua. Alisema gari ni la taifa. Baba alimwomba arudi kesho, alioshe kwanza.

Hakuliosha. Alifungua zile kabureta, akarudishia ile moja ndogo ambayo gari lilikuja nayo. Mama akazifukia zile kubwa kwenye kihenge cha ulezi, zikiwa bado zinachuruzika petroli.

Kesho yake bwana mkubwa akaondoka nalo. Wiki hiyohiyo alitokea tena kwetu Kizwite kwa miguu, viatu mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Gari lako limegoma mlimani," alimwambia baba. "Umelifanya nini?"

"Sijalifanya kitu, mzee. Liko vilevile Wajapani walivyolitengeneza."

Akaomba maji. Mama akamletea togwa ya ulezi wa kihenge kile. Alipiga funda moja, akanusa kikombe.

"Mbona inanuka petroli?"

"Ndivyo ulezi wetu ulivyo mwaka huu," mama alisema, amepiga goti kwa heshima. "Maliza, baba. Ipo nyingine."

Kiu ilikuwa imemkamata. Alimaliza, na mama akamjazia tena.

Sijawahi kuonja togwa tamu kama ile aliyokunywa yeye.