Mama wa Nasor wa Pangani

Enzi zetu, sisi tuliofika Maskati baada ya mapinduzi ya sitini na nne, nasaba tulisomeshwa huku tukisukwa nywele. Alasiri Bibi mzaa baba alitandika mkeka uani kwetu Matrah, mafuta ya nazi kando, mkate wa ufuta ukipoa kwenye sinia, na kila msuko ulidai jina moja. Ukikwama, alikuacha nusu kichwa kimesukwa na nusu kimetimka, ukacheze mdako hivyo hivyo mbele ya wenzio. Wasichana wa leo wangesema ni fasheni.

Ukoo wetu ulikuwa wa Pangani, mji wa mtoni, alikohamia babu yetu Nasor kutoka Qurayyat, Omani, karne ya kumi na tisa, akajenga nyumba karibu na kivuko. Mimi ni Salma binti Rashid bin Said bin Hamed bin Nasor. Wengine walisoma majina ya wanaume tu. Bibi alituongezea mama zao: mama wa Said ni Mwanaharusi; mama wa Hamed ni Mwanakombo, Mzigua; mama wa Nasor ni Zuwena, aliyebaki Qurayyat. "Kwani hao wanaume waliota kama minazi?" alituuliza. Lakini alituonya tusiyataje majina hayo mbele ya wageni, kwani huku jina la mama wa mtu halitamkwi kwenye kikao cha wanaume.

Mwaka wa sabini Baba alitaka pasipoti. Bila mzee wa kabila kushuhudia kwamba sisi ni wa kwao, pasipoti hapati, na bila pasipoti kazi hapati. Mzee akaja kutoka Qurayyat, jambia kiunoni, na Kiswahili cha Unguja alikokaa ujanani. Baba akasoma nasaba yake bila kukosea. Mzee akasema majina hayo mtu yeyote anaweza kuyakariri.

Nilikuwa nimeleta halua. Nikaona Baba ameiweka finjani yake chini bila kuinywa, roho ikaniuma. Basi nikaanza kusoma kama nilivyozoea kwa Bibi, wanaume na mama zao, mpaka Zuwena. Baba akafumba macho kwa aibu.

"Mwanangu," mzee akaniuliza, "jina hilo la mwisho umelipata wapi?"

"Kwa Bibi. Nnayajua yote."

Akamgeukia Baba. "Mwenye jina hilo ndiye aliyetuzaa na sisi. Jina lake halijapata kutoka nje ya nyumba yetu. Rashid, wewe ni ndugu yangu."

Nyuma ya pazia Bibi alipiga vigelegele hadi majirani wakadhani tunaozesha. Sijawahi kujiona mkubwa kama siku ile.

Leo Maskati ina taa na barabara, na wajukuu zangu ukiwauliza babu wa baba yao nani, wanatazama simu, kana kwamba marehemu aliacha namba. Raha wanayo, siwaonei kijicho, ila nasikitika wanasukwa saluni na watu wasiowauliza kitu. Wakianza kuniringia uwanja wa ndege, nawaambia: hiyo pasipoti nimekupatieni mimi, nikiwa na miaka tisa, kwa jina la mwanamke.