Kishikio cha Sufuria ya Mama

Kaka yangu mkubwa tunamwita Meneja, ingawa ofisini kwao kazi yake ni kupokea barua na kugonga mihuri. Anasimamia nyumbani. Mama alipopata kiharusi mwaka jana na mkono wake wa kushoto ukabaki dhaifu, Meneja akaanza kumsimamia na yeye: ale nini, alale saa ngapi, apokee wageni gani. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa mjamzito, nina kazi, nikaona afadhali kuna mtu amejitwika.

Basi siku moja Mama aliinua sufuria yake ya umeme, ile ya kupikia wali, aipeleke mezani. Sufuria ikaenda chini, wali wa moto ukamwagika na kumuunguza mguu, kishikio kimoja kikalala sakafuni vipande viwili. Meneja alifika kabla yangu. Nilipoingia alikuwa ameshatoa hukumu: mkono umeachia, kishikio kimevunjikia sakafuni, na mtu wa hali hiyo haishi peke yake. Mwisho wa mwezi Mama angehamia kwake, chumba cha nyuma, na funguo za nyumba angezikabidhi.

Mama hakubisha. Hapo ndipo ningeshtuka, kama ningekuwa na akili timamu. Mwanamke huyu ameshona viti vya magari miaka ishirini na sita kwenye gereji iliyojaa wanaume, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumtuma chai. Siku hiyo aliitikia kwa kichwa tu na kusema sawa, mwanangu.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi mchana, nilikwenda kumsaidia kufungasha. Mtoto nilikuwa nimembeba mgongoni. Mizigo miwili ilikuwa mlangoni, mingine Meneja alishaichukua. Lakini Mama hakuwa anafungasha. Alikuwa amekaa mezani, sufuria ameipindua juu ya taulo, plagi imetolewa, bisibisi mkononi. Alitaka kumwachia jirani, na Mama hampi mtu kitu kibovu, hata akiwa anahama kwa kulazimishwa.

Akaniambia nisogee niangalie. Kishikio cha kulia kilikuwa na skrubu yake, imekaza. Tundu la kushoto lilikuwa tupu, na ndani yake vumbi. Kisha akanipa vile vipande viwili vya plastiki nipitishe kidole pale vilipoachana. Palikuwa na ukoko mweupe, mgumu. Hata mimi nilijua ni gundi. Kishikio hakikuvunjika siku ile. Kilivunjika kabla, mtu akakibandika kwa gundi kali ya dukani na kukipachika vivyo hivyo bila skrubu. Gundi ile na mvuke wa wali haviwezi kukaa nyumba moja.

"Gundi ni ya kushikilia mpaka uzi upite," Mama alisema. Ndivyo alivyokuwa akiwaambia wanagenzi wake gereji. Halafu akaniuliza, bila kupandisha sauti, nani alikuwa na sufuria hii kabla ya ile siku.

Alikuwa anajua. Wote tulikuwa tunajua. Meneja aliiazima siku alipohamia nyumba mpya, akairudisha wiki moja kabla ya ajali, imefungwa vizuri kwenye mfuko, imesuguliwa inang'aa. Tulimsifu kwa kurudisha kitu kisafi.

Damu ilinipanda. Nilitaka kumpigia simu palepale nimwambie maneno ambayo mtu hamwambii kaka yake. Mama akaniambia nikimaliza kutetemeka nimshikie hapa.

Alikata kibati chembamba kutoka kiunzi cha kiti cha zamani, akakitoboa kwa msumari, akalaza vile vipande viwili juu yake. Akavizungushia ngozi nene ya viti, akashona kwa sindano iliyopinda: mkono mzima unavuta uzi, mkono dhaifu unakandamiza ngozi juu ya goti, na uzi ukileta ubishi anaukaza kwa meno. Kwenye kopo lake la skrubu alitafuta iliyo sawa kabisa na ya kulia. Ndefu zaidi ingeingia kugusa nyaya, alisema, na hapo kitakachotuua si wali. Akaweka na kijiringi cha chuma ili mvuke usiilegeze, akakaza. Akaniagiza nimwambie jirani avijaribu vishikio kwa mkono kila wiki, sufuria ikiwa baridi, na asiitumbukize majini.

Kisha akaijaza maji baridi, akaiinua. Akaishusha. Akaiinua tena. Mara kumi nilihesabu. Mkono wa kushoto ulitetemeka kila mara, na kila mara ulishika.

"Jirani atatafuta yake," alisema.

Meneja aliingia akipunga funguo za gari, anauliza mizigo iko wapi. Mama akamwekea mbele mabaki ya ile gundi aliyoikwangua, kwenye kisahani, kama anamkaribisha. Kwanza alisema labda ilitoka hivyo kiwandani. Mama akakisogeza kisahani karibu naye zaidi. Meneja akavuta kiti.

"Kilinivunjikia mimi," alisema. "Niliona aibu kukwambia, nikakibandika. Halafu ulipoungua nikaona aibu zaidi."

"Aibu yako ukaiweka kwenye mkono wangu."

Meneja akaanza kusema kwamba hata hivyo alikuwa anamtakia mema, kwamba chumba alishakipaka rangi. Mama akapiga meza, kisahani kikaruka.

"Wiki tatu sijampakata mtoto wa mdogo wako. Akimleta nasema nimechoka. Nilikuwa nimechoka nini? Niliogopa nitamwangusha. Wewe ulikuwa unajua, na ukaniacha niogope."

Nilimchukia waziwazi, sikujaribu hata kuficha uso. Mama akamwambia akarudishe mizigo yake yote, na ufunguo wa akiba wa nyumba hii autoe kwenye pete ya funguo zake auache mezani. Aliutoa, akaondoka bila kuaga.

Mimi nilikuwa bado nafoka, namwita mwoga, namwita mwongo. Mama alifuta mikono kwa taulo, akakaa vizuri kwenye kiti, akanyoosha mikono yote miwili kuelekea kwangu.

"Mlete."

Nilimfungua mtoto mgongoni. Nikautazama ule mkono wa kushoto, ukitetemeka hewani. Nikasita. Ilikuwa pumzi moja tu, wala haikuzidi, lakini Mama aliiona.