Mti Uliokatwa Mambrui

Nilikuwa nikifundisha Kiingereza katika sekondari moja karibu na Malindi, nami nikiishi Mambrui na mama yangu, katika nyumba ya mawe na chokaa aliyorithi kwa baba yake. Siku moja msichana wa kidato cha pili aliniuliza maana ya neno entwine. Nikamwambia ni kusokotanisha, kitu kuzongana na kingine mpaka vishikane. Limetokana na twine, uzi wa kusokotwa, na hilo nalo asili yake ni neno la kale lenye maana ya mbili, kwani uzi huo ulikuwa wa nyuzi mbili. Ile en ya mbele iliongezwa baadaye.

Akauliza, ukiutoa uzi mmoja, ule wa pili unakuwaje. Nikasema unalegea. Kengele ikalia, lakini jibu langu mwenyewe likanikaa moyoni.

Nyumbani kwetu kulikuwa na mti ulioota juu ya ukuta wa chumba cha mama, kwa mbegu iliyoangushwa na ndege. Mizizi yake ilikuwa imeteremka ukutani, ikapenya kila ufa, na kila asubuhi mama alikung'uta vumbi jeupe kitandani mwake.

Niliporudi siku hiyo nilimkuta kibarazani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia.

"Mjomba wako amekuja kutoka Mariakani, ameukata mti," akasema. "Ulikuwa ukiubomoa ukuta, mwanangu, lakini ndio huohuo uliokuwa ukiushika."

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa uani akinoa panga, amefurahi. Alisema ametuondolea balaa, akanywa chai, akaenda zake.

Mizizi ikaanza kukauka. Ilivyozidi kusinyaa, ndivyo nyufa zilivyobaki wazi, na mchanga ukawa unachuruzika mchana kutwa. Nilimsihi mama ahamie chumba cha mbele. Akakataa, alizaliwa mle.

Jumamosi moja baada ya swala ya alasiri nilisikia mawe yakisagana. Mama alikuwa akikunja nguo. Nilimwita, akasema nisubiri. Nikamshika mkono, nikamvuta hadi uani. Sikuwahi kumvuta mama yangu maishani.

Tulisimama pale, mawe yakaacha kusagana. Akanitazama kwa hasira.

"Umeniaibisha bure," akasema.

Alikuwa amegeuka arudi ndani ukuta ulipoanguka. Haukuanguka kwa kishindo kikubwa; ulikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, boriti zikaufuata, kitanda kikafunikwa chote. Mama hakulia. Aliuliza tu kama nguo zake zitapatikana.

Sasa analala chumba cha mbele. Mlango wake umeanza kukwama ukifungwa, na kila nikienda kazini namwomba auache wazi.